Oili Nyepesi, Oili Nzito: Soma Nyuma ya Kopo

Mpe fundi wa siku nyingi kopo la oili nyepesi ya injini, 0W-20, alitikise. Atasikia oili inachezacheza ndani kama maji, ataguna, kisha atasema hii itaua injini, weka nzito, 20W-50. Si kwamba hajui kazi. Amefungua injini nyingi zilizogonga, na katika zile alizojifunzia, za kabureta, zenye beringi zilizolika na pampu iliyochoka, oili nzito ilikuwa inaokoa kweli. Tatizo ni kipimo chake. Anapima kwa sikio na vidole, oili ikiwa kwenye joto la gereji, wakati kazi yake ngumu oili inaifanya kwenye nyuzi 100 hadi 150 za Selsiasi. Kwenye joto hilo zote, nyepesi na nzito, zimelegea kuliko mtu anavyodhani.

Upande wa pili wapo wanaosema kitabu cha gari kimeandika 0W-20, mjadala umekwisha. Hawa hukosea mara chache zaidi, na wakikosea hasara yake huwa ndogo. Lakini kitabu cha injini hiyohiyo, kikichapwa kwa ajili ya soko jingine, mara nyingi kina jedwali lenye oili nne au tano. Toyota kwa miaka mingi imetoa kwa masoko ya jumla vitabu vinavyoonyesha 0W-20, 5W-20, 5W-30, 10W-30 na 15W-40 kwa injini moja, kulingana na baridi ya mahali. Injini ni ileile, beringi zilezile. Kwa hiyo swali la kuuliza si ipi bora, nyepesi au nzito. Uliza injini yako inavumilia kutoka wapi hadi wapi, na wewe unaiendesha vipi.

Nambari mbili, vipimo viwili

Tuchukue 5W-30. Wengi huisoma kana kwamba oili ina uzito wa 5 ikiwa baridi na wa 30 ikichemka, yaani inazidi kuwa nzito kadiri inavyopata moto. Hakuna oili ya injini inayofanya hivyo. Zote hulegea zikipashwa. Nambari mbili hizo zinatoka kwenye vipimo viwili tofauti vya kiwango cha chama cha wahandisi wa magari kinachoitwa SAE J300, na hazilinganishwi zenyewe kwa zenyewe.

Nambari yenye W ni ya baridi kali. 0W hupimwa kwenye nyuzi -35, 5W kwenye -30, 10W kwenye -25, 15W kwenye -20 na 20W kwenye -15. Kinachoangaliwa ni kama stata ingeweza kuzungusha kranki, mhimili mkuu wa injini, halafu nyuzi tano chini ya hapo, kama pampu ingeweza kuivuta oili kutoka kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Nambari ya pili ni mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka, kwenye nyuzi 100. SAE 20 ni kuanzia 6.9 hadi chini ya 9.3 cSt (sentistoki, kipimo cha mnato), SAE 30 ni kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5, SAE 40 ni 12.5 hadi chini ya 16.3, na SAE 50 inaanzia 16.3 na kuishia chini ya 21.9.

Sasa angalia jambo moja ambalo watu wachache hulifikiria. 0W-20 ya kawaida ikiwa kwenye nyuzi 40 ina mnato wa karibu 40 hadi 45 cSt. 20W-50 ikiwa kwenye nyuzi 100 ina kama 18. Maana yake, ile unayoiita maji, asubuhi kabla injini haijapata moto, ni nzito zaidi ya mara mbili ya 20W-50 iliyochemka. Na hiyo 20W-50 yenyewe kwenye nyuzi 40 iko kwenye 160 hivi. Hakuna oili iliyo nyepesi kupita kiasi wakati wa kuwasha gari. Zote wakati huo ni nzito kuliko injini inavyotaka, zinatofautiana kwa kiasi cha kuzidi tu.

Kwa anayeishi mahali pasipo na barafu, tofauti kati ya 0W na 5W wakati wa kuwasha ni ndogo mno kuhangaikia. Tofauti kati ya 5W-30 na 20W-50 ni kubwa hata kwenye nyuzi 25. Na kuna 10W-30, oili inayodharauliwa bila sababu. Kwa sababu nambari zake mbili hazikuachana sana, inaweza kutengenezwa kwa polima chache za kushikilia mnato. Polima hizo ndizo zinazokatikakatika kadiri oili inavyokamuliwa, na zikikatika oili inalegea. Kama kitabu chako kinairuhusu na hujui baridi kali ni nini, ni chaguo la heshima kabisa.

Ndani ya mwanya wa beringi

Chukua shingo ya kranki yenye kipenyo cha milimita 50. Mwanya kati yake na beringi ni kama milimita 0.02 hadi 0.05, mwembamba kuliko unywele. Oili inaingia hapo kupitia tundu moja. Shingo inapozunguka inaiburuta oili kuelekea upande unaobana, na kwa kuburutwa huko oili inajijengea shinikizo lake yenyewe, kubwa mara nyingi kuliko lile linalotoka kwenye pampu. Shinikizo hilo ndilo linalobeba konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, na mlipuko wa silinda. Pampu inalisha tu. Mahali pembamba kabisa utando wa oili hubaki mikroni chache, na mzigo ukizidi unaweza kushuka chini ya moja.

Mambo matatu yanaamua unene wa utando huo: mnato, kasi ya kuzunguka na mzigo. Ndiyo maana hali ya hatari kwa oili nyepesi si safari ndefu ya mwendo wa kawaida kwenye lami. Hatari ni kupanda mlima na mzigo, gia ya juu, mzunguko 1,500, mguu umekandamiza, turbo inasukuma na oili imefika nyuzi 130. Kasi iko chini, mzigo uko juu, mnato umelegea, yote matatu kwa pamoja. Anayefundishwa kuendesha injini ndogo ya turbo angefundishwa kwanza kushusha gia mlimani. Inalinda beringi kuliko kubadilisha oili.

Na kwa nini usiweke nzito tu ukamaliza kazi? Kwa sababu kuburuta oili nzito kunazalisha joto humohumo ndani ya mwanya, na oili nzito inapita kwa uchache, kwa hiyo inaondoa joto kidogo. Inajichemsha na kujilegeza. Faida ya utando mnene unaipata, lakini pungufu ya ile uliyoitarajia, na petroli umelipia.

Hapa pia ndipo geji ya presha ya oili inapodanganya watu. Ukiweka oili nzito sindano inapanda, unafurahi. Sindano inapima ugumu wa oili kupita, haipimi kiasi kinachopita. Pampu ya oili husukuma karibu ujazo uleule kwa kila mzunguko, oili iwe nyepesi au nzito, hadi valvu ya kupunguza presha ifunguke. Oili nzito ya baridi huifungua valvu hiyo mapema na sehemu yake inarudishwa bila kufika kokote. Valvu ya pembeni ndani ya filta nayo hufunguka, na oili inapita bila kuchujwa. Presha iko juu kwenye dashibodi, na kemshafti, mhimili unaofungua valvu, bado inasubiri.

Usitegemee taa nyekundu pia. Swichi zake nyingi huwasha taa presha ikishuka chini ya kPa 20 hadi 50 hivi. Ni taa ya msiba. Baadhi ya injini za Toyota kitabu cha fundi kinakubali hata kPa 29 kwenye mzunguko wa chini injini ikiwa moto, kwa hiyo presha ndogo gari likiwa limesimama si ugonjwa. Ukiwa na shaka, toa swichi, funga geji ya mkono, pasha injini hadi feni ya rejeta ifanye kazi, kisha soma kwenye mzunguko wa chini na kwenye 3,000. Linganisha na kitabu cha injini yako.

5W-30 mbili zisizo ndugu

Hili ndilo ningependa kila mwenye gari alijue kabla ya kubishana na yeyote. Mnato kwenye nyuzi 100 hupimwa oili ikitiririka taratibu kwenye bomba jembamba. Ndani ya beringi oili haitiririki taratibu, inakamuliwa. Kwa hiyo kuna kipimo kingine, HTHS, kinachopima mnato kwenye nyuzi 150 oili ikiwa inakamuliwa kwa kasi kubwa. Matokeo yake hutolewa kwa mPa·s, kizio kingine cha mnato. Kima cha chini kwa SAE 16 ni 2.3, SAE 20 ni 2.6, SAE 30 ni 2.9. SAE 40 zinazoanzia 0W, 5W na 10W ni 3.5, na 15W-40 pamoja na SAE 50 ni 3.7.

Hicho ni kima cha chini, hakikatazi oili kuwa juu yake. Hapo ndipo 5W-30 zinapoachana. 5W-30 ya daraja la ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya) A5/B5 ina HTHS kati ya 2.9 na 3.5. 5W-30 ya ACEA C3 au A3/B4 lazima iwe 3.5 au zaidi. Kopo mbili, nambari ileile mbele, lakini ya pili inalinda beringi kama 5W-40. Injini ya Ulaya inayotaka kibali cha VW 504 00 na 507 00, au BMW Longlife-04, inataka hiyo ya pili. Ukiiwekea 5W-30 ya A5/B5 umeiwekea oili nyepesi bila kujua, ingawa nambari kubwa ya mbele inafanana na ya kitabu. Kinyume chake, VW 508 00 na 509 00 ni 0W-20 yenye HTHS ya 2.6 hadi 2.9, na haifai kabisa kwa injini iliyoandikiwa 504.

Kwa hiyo geuza kopo. Nyuma yake tafuta mambo matatu: nambari ya SAE, daraja la API (taasisi ya petroli ya Marekani) au ACEA, na kibali cha mtengenezaji wa gari kama vile MB 229.5 au VW 502 00. Maneno kama "inafaa kwa" au "inakidhi" ni madai ya muuza oili. Neno la kibali lenyewe ndilo lenye uzito. HTHS kwa kawaida haiandikwi kwenye kopo, iko kwenye karatasi ya data ya oili hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Dakika mbili za kuitafuta zinatosha.

Kwa nini zimekuwa nyepesi

Sababu kubwa ni matumizi ya mafuta na sheria za moshi. Kusema kweli ndivyo ilivyo, na mtengenezaji hakuficha. Kushuka kutoka 5W-30 hadi 0W-20 kunaokoa asilimia moja, mbili, labda tatu ya petroli. Kwa gari moja hutaona kwenye mfuko. Kwa mtengenezaji anayepimwa kwa wastani wa magari yake yote, ni kubwa.

Lakini haifuati kwamba injini imetolewa kafara. Ili 0W-20 ikubalike, injini hubadilishwa: beringi pana zaidi au zenye mipako ya polima, nyuso zilizosagwa laini zaidi, pampu inayobadilisha ujazo. Dai kwamba injini za sasa zina mianya midogo sana hivi kwamba oili nzito haiingii, hilo nalo si sahihi. Kanuni ya mwanya wa takriban sehemu moja kwa elfu ya kipenyo cha shingo ni ya tangu zamani, na bado inafuatwa.

Kinachokubalika ni kwamba kwa oili nyepesi nafasi ya kukosea imepungua. Mfano mzuri ni wa mwaka 2025. General Motors iliita magari karibu 600,000 nchini Marekani, ya miaka ya 2021 hadi 2024, yenye injini ya V8 ya lita 6.2 iitwayo L87, kwa kasoro za utengenezaji wa kranki na konrodi. Injini zilizopimwa na kukutwa salama zilimwagiwa 0W-20 zikawekewa 0W-40, filta mpya, na kifuniko kipya cha oili. Watu walishangilia kwamba oili nyepesi imeshindwa. Kasoro ilikuwa ya chuma. Utando mnene uliongezwa ili kuipa beringi nafasi. Na angalia walichokiacha bila kukigusa: 0W. Waliongeza kinga injini ikiwa moto bila kupoteza wepesi wa kuwasha. Hawakwenda 20W-50.

Wapo pia waliotaka nzito tangu mwanzo. BMW iliagiza 10W-60 kwa M3 ya E46, na Ford iliagiza 5W-50 kwa Mustang Boss 302 ya mwaka 2012, injini za kwenda mbio. Mzigo na joto ndivyo vilivyoamua.

Nzito mno inapoharibu

Injini ya sasa haitumii oili kulainisha tu. Inaitumia kama mafuta ya haidroliki. Mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu, VVT, unasukumwa na oili inayopita kwenye solenoidi yenye chujio dogo kama la kichungi cha chai. Kompyuta inaamuru kemshafti isogee nyuzi kadhaa na inatarajia ifike kwa muda fulani. Oili nzito ikichelewa, kompyuta inaandika kosa P0011 au P0014, gari linakosa nguvu asubuhi, kisha linapona likipata moto. Fundi anabadilisha solenoidi, kosa linarudi, anabadilisha sensa, linarudi. Kabla ya kununua kifaa chochote kwa kosa hilo, uliza ndani kuna oili gani na ina muda gani.

Kitensheni cha cheni ya taimingi nacho hujazwa na oili. Ikichelewa kufika, cheni inagonga kwa sekunde mbili tatu kila asubuhi. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na beringi yake inategemea bomba jembamba lililo mbali na pampu. Gari la mseto linazima na kuwasha injini mara nyingi kwa safari moja, na oili yake haipati moto vizuri. Camry ya mseto ya 2018, kwa mfano, iliandikiwa 0W-16 Marekani. Gari la namna hiyo ndilo la mwisho kupewa oili nzito.

Kuna madhara mengine ambayo hayatokani na uzito bali na ukale wa oili nzito zinazouzwa kwa bei nafuu. Kopo nyingi za 20W-50 ni za daraja la API la zamani, SL au hata SF. Kwenye injini ya petroli yenye turbo na sindano za moja kwa moja, zinazonyunyiza petroli ndani ya silinda, oili yenye kalisiamu nyingi huchangia mchanganyiko kujiwasha kabla ya plagi, mzunguko ukiwa wa chini na mzigo mkubwa. Mlipuko mmoja wa namna hiyo unaweza kuvunja kuta za pistoni zinazoshika ringi. Madaraja ya API SP na ILSAC GF-6, yaliyotoka mwaka 2020, yana jaribio mahususi la tatizo hilo, pamoja na la kulika kwa cheni. Kwa hiyo ukiamua kupanda uzito, usishuke daraja. 5W-40 ya API SP, sawa. 20W-50 ya SL kwenye turbo, hapana.

Dizeli yenye filta ya masizi ina kikwazo chake. Oili inayoungua huacha majivu, na majivu hayachomeki kama masizi, yanakaa humo hadi filta izibe. ACEA C3 imefungwa kwenye majivu yasiyozidi asilimia 0.8, wakati A3/B4 inaweza kufika karibu mara mbili ya hapo. Kwa lori na pikapu za dizeli, daraja la API CK-4 lina HTHS ya 3.5 na zaidi, FA-4 iko kati ya 2.9 na 3.2. Zilitoka pamoja Desemba 2016 na zinafanana kwa nambari, lakini FA-4 haiingii kwenye injini iliyoandikiwa CK-4.

Na injini zenye mkanda unaozama kwenye oili, kama Ford EcoBoost ya lita 1.0 ya mwanzo na PureTech ya lita 1.2, hapo kibali kina uzito kuliko mnato. Oili isiyofaa, au iliyojaa petroli, inalegeza mpira wa mkanda, vipande vinadondoka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu.

Ningepanda lini, na kwa hatua gani

Kwa gari la safari za kawaida, linalofanyiwa sevisi kwa wakati, baki kwenye nambari ya kitabu. Sina maelezo marefu hapo.

Ningepanda hatua moja kama gari linavuta trela, linabeba mzigo milimani mara kwa mara, linakwenda mwendo mkali kwa saa nyingi, au kama injini ina petroli inayovujia kwenye oili. Vitabu vingi vya Toyota vinavyoagiza 0W-20 vyenyewe vina mstari unaosema oili ya mnato mkubwa zaidi inaweza kufaa kwa kasi kubwa au mzigo mzito. Hatua moja maana yake 0W-20 kwenda 0W-30 au 5W-30, na 5W-30 ya A5/B5 kwenda 5W-30 ya C3 au 5W-40. Nambari ya W usiipandishe kwa zaidi ya ngazi moja.

Joto la nje peke yake si sababu kubwa. Themostati inashikilia maji kwenye nyuzi 90 hivi iwe jua au mvua, na oili hufuata, nyuzi 90 hadi 110. Kinachoipeleka 130 ni mzigo. Gari linalozunguka mjini kwenye joto la 35 linaisumbua oili kidogo kuliko linalovuta trela penye ubaridi.

Petroli kwenye oili inastahili neno zaidi. Injini ya sindano za moja kwa moja ikiendeshwa kilometa tatu tatu na kuzimwa, petroli isiyoungua inashuka kupitia kwenye ringi. Utaona kijiti cha oili kinaonyesha kiwango kinapanda badala ya kushuka, na ukinusa kina harufu ya petroli. Asilimia nne au tano ya petroli inaweza kuishusha 0W-20 hadi mnato wa SAE 16. Kupanda kwenda 5W-30 kunasaidia, lakini dawa ni kumwaga oili mapema, kilometa 5,000 badala ya 10,000, na kuipa injini mwendo wa nusu saa barabara ya wazi kila wiki.

Gari linalokula oili

"Likifika kilometa 100,000 weka nzito." Kilometa haziambii kitu. Pima. Egesha mahali tambarare, jaza hadi alama ya juu kabisa ya kijiti, endesha kilometa 1,000, rudi mahali palepale, subiri dakika kumi, ongeza kwa jagi lenye vipimo hadi alama ileile. Mililita ulizoongeza ndizo jibu. Chini ya 300, achana nalo. Ikizidi 500, tafuta chanzo. Lita moja kwa kilometa 1,000 ndiyo watengenezaji kadhaa wanayoitaja kama mwisho wa kuvumilia, na mimi naona wamejipa nafasi kubwa mno.

Kabla ya kupandisha uzito, toa valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye hewa inayovutwa, itikise. Isipotoa mlio wa kugongagonga, imeganda, na injini inavuta oili kupitia kwenye hewa. Ni kifaa cha bei ndogo. Moshi wa bluu ukitoka gari linapowashwa asubuhi kisha ukakoma, tuhumu sili za valvu, na oili nzito haitazitibu. Moshi ukitoka unapokanyaga, ni ringi. Hapo tofautisha: ringi zilizolika hufaidika na hatua moja ya uzito, lakini ringi za oili zilizoganda kwa kaboni, zenye matundu ya kurudishia oili yaliyoziba, zinaweza kuzidi kula, maana oili nzito inarudi polepole zaidi. Zile chupa za kuongeza uzito usizitie. Ni polima zilezile zinazokatika, na mabaki yake yanakwenda kwenye chujio la VVT.

Ukiirudisha injini kwenye oili yake

Gari lililonunuliwa mtumba mara nyingi linakuja na 20W-50 ndani wakati kifuniko kimeandikwa 5W-30. Kulirudisha ni rahisi, ila kwa subira. Usitumie kemikali ya kuoshea injini, kwani tope lililotulia kwenye sampu likibanduka lote kwa mara moja linaelekea kwenye chujio la pampu. Fungua kifuniko cha oili kwanza, angalia chini yake kwa tochi. Ukiona rangi ya chai kavu, endelea. Ukiona tope jeusi, itoe sampu na usafishe chujio la pampu kabla ya kitu kingine.

Pasha injini dakika tano, oili iwe vuguvugu isiyounguza. Fungua bolti ya sampu, acha imwagike robo saa nzima hadi matone yakatike, kwa sababu nusu lita ya oili ya zamani inayobaki inaharibu hesabu. Toa filta na hakikisha mpira wake wa zamani haukubaki umeng'ang'ania injini. Mipira miwili ikikaa pamoja, oili yote inaruka nje ndani ya dakika moja. Paka mpira wa filta mpya oili safi, kaza kwa mkono hadi uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Bolti ya sampu ya M12 iwekewe washa mpya na ikazwe 30 hadi 40 Nm, isizidi. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, 2ZR-FE lita 4.2. Mimina pungufu ya nusu lita, washa dakika moja, zima, subiri dakika kumi, ndipo umalizie kwa kijiti.

Mwage hiyo ya kwanza kwenye kilometa 3,000, pamoja na filta. Fungua filta ya zamani kwa msumeno au kikata makopo, nyoosha karatasi yake juani. Vipande vyeusi vinavyosagika kwa vidole ni kaboni iliyobanduka, vinatarajiwa. Vikimetameta rangi ya shaba au fedha, na vinahisika kama mchanga, hiyo ni beringi, na hakuna oili, nyepesi wala nzito, itakayoirudisha.